Mkono wa Kushoto Dirishani

Sanduku lilipopinduka, Cheche alisahau kila kitu alichokijua.

Si kwamba hakuwa amejifunza. Hatua zote alikuwa nazo kichwani, angeweza kuzitamka kama mtoto anayeghani shairi mbele ya wageni: mkono wa kushoto kwenye ukingo wa dirisha, vuta pumzi, ngoja sanduku litulie, sukuma kioo kitoke, kisha ndipo ufungue mkanda, kisha ujivute nje. Lakini maji yalipompanda kifuani, yakapita kidevu, yakamwingia puani kwa fujo, na dunia ikageuka miguu juu kichwa chini, mikono yake yote miwili iliruka kwenye kifungo cha mkanda. Kifungo kikafyatuka. Mwili ukaelea. Na mtu anayeelea ndani ya sanduku lililopinduka hana tena juu wala chini. Ana giza, ana maji, ana moyo unaogonga. Alipapasa akitafuta dirisha, akashika sakafu. Wazamiaji wawili waliokuwa wakilinda chini ya maji walimkamata kwapani wakamtoa kama mzigo.

Wenye chuo waliliita mashine ya kuigiza ajali. Wanafunzi waliliita sanduku, na sanduku ndilo lilikuwa: kiwiliwili cha helikopta kisicho na injini wala mapanga, chenye viti, mikanda na madirisha, kikining'inia kwa nyaya juu ya bwawa refu ndani ya jengo kubwa. Anayetaka kufanya kazi kwenye mitambo ya gesi baharini huenda na kurudi kwa helikopta. Na kabla hajapanda ya kweli, sharti akae ndani ya hiyo ya uongo, azamishwe, apinduliwe, atoke mwenyewe. Asiyetoka, hapandi.

"Kosa lile lile," mkufunzi alisema. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, filimbi shingoni, hana hasira wala huruma. "Unafungua mkanda mapema, mama."

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini unafungua?"

Cheche alifungua mdomo, kikatoka kikohozi na maji.

"Ijumaa ndiyo mara yako ya tatu. Baada ya hapo mimi sina uwezo tena. Jina linarudi kwa kampuni, na kampuni inatafuta mtu mwingine."

Alipofika kwenye benchi lenye nguo zake, alikuta juu ya taulo boya la mtoto, la plastiki ya njano, lenye kichwa cha bata. Wenzake walikuwa wametazama ukutani kama watu wanaosoma tangazo, mabega yao yakitikisika. Mmoja wao, fundi umeme waliyemwita Samaki kwa sababu siku ya kwanza tu alitoka kwenye sanduku akitabasamu, hakuweza kujizuia.

"Dada, tumekutafutia msaidizi."

Kicheko kikalipuka. Cheche akaliokota lile boya, akaligeuza huku na huku kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake, kisha akalivaa begani.

"Asante," alisema. "Saizi yangu mlikosa?"

Akapita katikati yao, maji yakimtiririka, bata akiwatazama kwa nyuma. Hakuna aliyeona uso wake mpaka alipofika nje ya geti. Hapo aliulegeza, kwa kuwa njia ile haikuwa na mtu anayemjua.

*

Jina la Cheche alipewa kwenye karakana ya pembeni mwa barabara, enzi alipokuwa akichomelea mageti na vyuma vya madirisha. Alianzia kwenye mageti, akaenda kwenye matangi, akafika kwenye mabomba. Na mabomba si mchezo. Kampuni ya gesi ilipotangaza kazi, mafundi walijaa uwanjani kila mmoja na ngao yake ya uso, na kila mmoja akapewa vipande viwili vya bomba aviunge. Kazi zao zikakatwa, zikapigwa picha za mionzi kama mifupa. Kiungo cha Cheche hakikuwa na hata kiputo cha hewa ndani. Wakampa nafasi ya kuongoza mafundi wa kuchomelea kwenye mtambo wa baharini, mwanamke wa kwanza kupewa. Aliacha karakana siku ile ile, na bosi wake akamwambia mbele ya wote, "Nenda. Utarudi, na utanikuta hapa hapa."

Sasa chuma kilikuwa kimempa kazi, na maji yalikuwa yanamnyang'anya.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili na ua mdogo. Ndani ya kibanda, kitu cha thamani kilikuwa kimoja: kiti cha chuma cha zamani, kizito, kinachozunguka na kulala nyuma mteja akitaka kunyolewa ndevu. Kinyozi alikipenda kiti kile kiasi kwamba mama yake alikuwa akikiita mke mkubwa.

Jioni ile, mama mkwe alikuwa amekaa uani akichambua maharage. Alimwona mkwewe akiingia na bata begani, akaacha kuchambua.

"Umenunua au umeokota?"

"Nimepewa, Mama."

"Na nani?"

"Na watu wanaonipenda sana."

Mama mkwe akaelewa. Hakuwa mtu wa kukosa kuelewa, wala wa kunyamaza akielewa. "Mimi nilisema. Nilisema nyumba hii hii, tena kwa sauti. Mtu ana chuma chake nchi kavu, ana kibarua chake, anakwenda kutafuta nini katikati ya bahari? Umezama tena?"

"Nimezama tena."

"Basi Mungu kakupa onyo mara mbili. Hata mimi kuku wangu nikimfukuza mara mbili haingii jikoni."

"Kuku wako anaingia, Mama," Kinyozi alisema kutoka mlangoni, mashine ya kunyolea bado mkononi. "Juzi alilala kwenye sufuria." Akamgeukia mkewe, akashusha sauti. "Ijumaa?"

"Ijumaa. Ya mwisho."

"Hatua umezisahau?"

"Sijasahau hata moja! Niulize. Niulize usingizini nitakujibu." Cheche alilitupa lile boya chini. "Kichwa kinajua. Mikono ndiyo haijui. Maji yakinifika tu, mikono inakwenda kwenye mkanda, kama si yangu. Nawaona wale watoto wa juzi wanatoka mmoja mmoja kama wanashuka kwenye basi, na mimi, mtu mzima, natolewa kwapani. Kwapani, baba!"

Kinyozi alianza kufuta mashine yake. Alijua mkewe akianza kumwita baba, hataki kufarijiwa.

Mama mkwe akainuka, akasema basi mtu anywe chai kwanza, kilio hakishibishi. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe kilichojaa hadi mdomoni. Hakuliona boya. Mguu wake uliingia katikati ya bata, mwili ukayumba, na chai yote, ya moto, ikamrukia Cheche kifuani.

Kabla kikombe hakijafika chini, vifungo vya gauni la Cheche vilikuwa vimetawanyika uani. Hakupiga kelele. Hakuruka. Mikono miwili ilikwenda kifuani, ikararua, gauni likawa limevuka mabega, yeye amebaki na fulana, ngozi imepona. Yote hayo kabla hajasema "mama".

"Yesu na Maria, pole! Pole mwanangu!" Mama mkwe alikuwa ameshika ukuta. Kisha, pole ilipokwisha, akakunja uso. "Lakini mbona umeanza na vifungo?"

"Nianze na nini?"

"Mtu akiungua hupiga kelele kwanza. Mimi nimezaa, nimepika, nimeungua maisha yangu yote. Kwanza kelele, kisha ndio mengine."

Cheche akavuta ukosi wa fulana. Shingoni na chini ya mtulinga alikuwa na alama ndogo ndogo nyeusi, kama ngozi iliyonyunyiziwa wino. "Cheche ikiingia ndani ya ovaroli, Mama, ukipiga kelele kwanza umekwisha kuiva. Unafungua. Hufikiri, unafungua. Kila fundi wa..."

Akakoma. Kinyozi naye alikuwa amekoma. Wakatazamana.

"Unafungua," Kinyozi alirudia polepole.

Miaka yote ile ya moto ilikuwa imeifundisha mikono yake jambo moja: likija balaa, vua. Na mikono ilikuwa imejifunza vizuri mno. Ndani ya sanduku haikujua kwamba balaa lile ni maji. Balaa ni balaa. Walioogelea tangu utotoni, mafundi umeme, wapishi, wapimaji, hakuna kati yao aliyekosea kwa namna ile. Lilikuwa kosa la fundi wa kuchomelea, na la fundi mzuri.

Cheche akaanza kucheka, fulana imelowa chai. Kwa mara ya kwanza wiki ile, aibu ilikuwa imepungua uzito: hakuwa mwoga. Alikuwa na mikono iliyosomea kwingine.

*

Kesho yake Kinyozi alimfunga mkewe kwenye kiti.

Mkanda waliupata kwa jirani fundi magari, umetoka kwenye gari lililokufa, kifungo chake bado kinafyatuka sawasawa. Dirisha lilikuwa fremu tupu ya kioo kilichovunjika, imefungwa kwa waya kwenye mkono wa kushoto wa kiti. Macho yalifungwa kwa kitambaa cha kunyolea. Mama mkwe alikataa kata kata kushiriki upuuzi, akatoka, akarudi na beseni la maji.

"Nani atammwagia? Wewe unazungusha kiti, una mikono mingapi?"

Kinyozi akapiga kelele kama mkufunzi, akakilaza kiti kwa nyuma ghafla mpaka kichwa cha Cheche kikawa chini ya magoti, akakizungusha, na mama mkwe akamwaga beseni zima usoni mwa mkwewe kwa moyo mkunjufu kupita ilivyohitajika.

Mikono miwili ikaruka kwenye kifungo. Tak!

"Umekufa," mama mkwe alisema.

Wakarudia. Tak! "Umekufa tena." Wateja walianza kujaa mlangoni. Mmoja aliyekuja kupunguza nywele alitazama sakafu iliyofurika, akatazama mke aliyefungwa, akauliza kwa adabu, "Kinyozi, leo unanyoa au tupite kesho?"

"Leo tunapindua."

"Na bei yake?"

"Kaa hapo ufungwe, bei nitakutajia ukiwa kichwa chini."

Watu wakacheka. Cheche, kitambaa machoni, maji puani, alisikia kicheko kile na akasikia kingine ndani yake, kile cha bwawani. Damu ikamchemka. Akasema, "Tena." Mikono ikaenda kwenye kifungo. "Tena!" Mama mkwe alikuwa ameshika chanuo la mbao sasa, na kila mkono ulipokosea, aliuchapa. "Mkono wa kushoto uko wapi? Dirishani! Uko wapi? Dirishani!" Haikusaidia. Mikono ilichapwa, na bado ikaenda.

Alasiri wateja wakachoka kutazama, wakaenda kunyolewa kwingine. Kinyozi aliwaona wakivuka barabara kuelekea kwa mshindani wake, akawaacha waende. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akafuta jasho.

"Hakuna hata siku moja," alimuuliza mkewe, "cheche imekuingia na hukufungua?"

Cheche akafikiri. Maji yalimdondoka kwenye pua. "Ipo."

"Lini?"

"Nikiwa nimeshika kipande." Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, vidole vimejikunja kana kwamba bomba limo ndani. "Unapounganisha vipande viwili vya bomba, doa la kwanza la chuma kilichoyeyuka ndilo linalovishikiza. Mkono wa kushoto unakishika kipande mahali pake mpaka lile doa lipoe. Ukikiachia kabla, kinapinda, na kazi yote imeharibika. Hapo cheche ikiniingia, siachi. Naungua, natukana, lakini siachi mpaka kazi ipoe."

Mama mkwe aliweka chanuo mezani.

"Basi shika kipande," alisema.

Akainuka kwenda kujaza beseni.

Kiti kikalala. Kikazunguka. Maji yakaja, na safari hii mama mkwe aliyamwaga ya baridi kutoka kwenye mtungi. Mkono wa kulia wa Cheche ulishtuka, ukafika kwenye kifungo, ukabaki juu yake, usikifyatue. Wa kushoto ulikuwa umeikamata ile fremu. Si kuigusa, kuikamata, kama kipande cha bomba ambacho kampuni nzima inakisubiri. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Kinyozi akainama kusikia.

"Ngoja ipoe," Cheche alikuwa akisema. "Ngoja ipoe, ngoja ipoe." Kiti kikatulia. Mkono wa kulia ukasukuma kioo kisichokuwepo, ukarudi, ukafungua mkanda. Tak. Akajivuta kupitia kwenye fremu, akaangukia kifua cha mumewe, wote wawili wakalala kwenye nywele zilizolowana za watu wasiowajua.

"Hujafa," mama mkwe alisema. Kisha, kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa: "Tena!"

*

Ijumaa Kinyozi alifunga kibanda. Mlinzi wa geti la chuo alimruhusu Cheche kuingia, akawazuia wawili waliomfuata.

"Bibi, hapa si uwanja wa mpira. Hakuna watazamaji."

"Mimi si mtazamaji," mama mkwe alisema. "Mimi ni mkufunzi wake."

Mlinzi akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaitikia kwa kichwa kuthibitisha. Hata hivyo hawakuingia. Wakasimama nje ya ukuta, mahali ambapo mngurumo wa mashine ya kushushia sanduku ulisikika, na honi iliyolia kila lilipotaka kuzama. Mama mkwe alikuwa amebeba bata wa plastiki kwapani. Alisema anamsubiri mwenye bata huyo, ana neno naye.

Ndani, Samaki alikaa kiti cha mbele, Cheche cha nyuma dirishani. Samaki akageuka. Huenda alitaka kusema utani. Alipoona jinsi yule dada alivyokaa, akaumeza.

Honi ikalia. Maji yalikuja kama yanavyokuja siku zote, bila heshima. Miguu, mapaja, kifua. Cheche akavuta pumzi. Sanduku likapinduka.

Mkono wa kulia ulikwenda kwenye kifungo. Ulikwenda, na hakuna sababu ya kudanganya. Lakini wa kushoto ulikuwa umekwisha shika kipande, na mwenye kushika kipande haachi. Alining'inia kichwa chini kwenye giza, maji yakimkoroga, mapovu ya wenzake yakimpita usoni, na hakufungua. Ngoja ipoe. Mbele Samaki alikwisha toka. Mwenzake wa upande wa kulia alikwisha toka. Mzamiaji alimwona amebaki peke yake, akadhani amekwama, akaingiza mkono kumtoa.

Cheche aliusukuma ule mkono.

Maji yakatulia. Kioo kikasukumwa, kikatoka. Kifungo kikafunguka kwa wakati wake. Akauvuta mwili wake mzima kupita kwenye dirisha kwa mkono wa kushoto, mkono uliobeba mageti ya mji mzima, na kichwa chake kikapasua uso wa maji katikati ya bwawa. Hakuna aliyemshika kwapani.

Mipinduko iliyobaki ya siku ile aliimaliza vivyo hivyo, kila mara wa mwisho kutoka. Mkufunzi akamwita ukingoni.

"Mbona unachelewa hivyo? Wenzako wanafika juu, wewe bado umening'inia."

"Mlisema tungoje litulie, Mwalimu. Wao ndio wana haraka."

Mkufunzi akawageukia wale waliokuwa wakijifuta kwa taulo, Samaki akiwemo. "Mmesikia?" akasema. "Jumatatu darasa jipya likija, nitawaambia hivyo hivyo."

Samaki alimfuata hadi kwenye benchi. Alikuna kisogo. "Dada, lile boya. Lilikuwa la mwanangu, kwa kweli. Analililia."

"Liko nje, kwa mama mkwe wangu. Kamwombe mwenyewe."

Samaki alitoka kwenda kuliomba. Alirudi bila boya, masikio yamemwiva.

Cheche alipotokea getini, nywele zinachuruzika, hakutabasamu. Mumewe alitafuta jibu usoni mwake, asilione. Ndipo Cheche alipomnyooshea mkono wa kushoto. Katikati ya kiganja, kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo, kulikuwa na mstari mweusi wa mpira wa dirisha, umeingia ndani ya ngozi kama muhuri.

Kinyozi akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubusu barabarani, mchana kweupe, mlinzi akitazama.

*

Siku ya safari yake ya kwanza, kibanda kilikuwa kimejaa. Bata wa njano alining'inia ukutani juu ya kioo, na kila aliyeuliza alisimuliwa. Na msimulizi hakuwa Kinyozi. Wawili waliokuwa wakisubiri hawakuja kunyolewa. Walikuwa wa darasa jipya, wameelekezwa na Samaki, na mmoja aliuliza kwa woga kama ni hapa ndipo wanapopindua watu.

"Kaa ufungwe," mama mkwe alimwambia, akitafuta beseni.

Ndipo mngurumo ukasikika juu ya paa. Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Wote wakatoka barabarani. Helikopta ilipita chini chini, tumbo lake likimeta, ikielekea majini. Kinyozi alisimama, kifua mbele, kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

Mama mkwe akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea mbinguni kwa sauti iliyowatoa majirani ndani:

"Mkono wa kushoto uko wapi?"

Kule juu, Cheche asingeweza kusikia. Alikuwa amekaa dirishani, ngao yake ya uso mapajani, akitazama mapaa ya mji aliouwekea mageti yakiisha na maji yakianza. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha shika ukingo.